Kelele za nyaya za umeme kwenye masafa mafupi: kitanzi, dipoli, choki au kutafuta nguzo mbovu?

Redio ya masafa mafupi ikianza kuvuma kama mzinga wa nyuki, wengi hukimbilia antena: ndefu zaidi, juu zaidi. Kwa nyumba ya Sakina au Kaloleni za Arusha, au Majengo ya Moshi, dawa hiyo mara nyingi huongeza kelele kuliko inavyoongeza stesheni, kwa sababu waya mrefu uliolala sambamba na nyaya za umeme hupokea kilekile unachokikimbia. Kinachotakiwa ni stesheni kuizidi kelele, basi. Stesheni dhaifu penye ukimya husikika kuliko stesheni kali iliyozama kwenye mvumo. Njia zenyewe ni kitanzi (antena ya duara), dipoli (waya mnyoofu wenye kebo katikati), choki (waya uliozungushwa kwenye feraiti, ile kauri nyeusi ya sumaku, ili kuzuia kelele) na kutafuta nguzo inayotoa cheche. Kila njia hapa chini inapimwa kwa kigezo hicho kimoja, wala si kwa mshale wa nguvu kwenye kioo cha redio. Mshale huo huhesabu na kelele pia.

Zima meni swichi kabla ya kununua chochote

Tia redio betri, chomoa kila waya uliounganishwa nayo, vuta antena yake. Tafuta mahali pasipo na stesheni kwenye bendi ya mita 31 (9400 hadi 9900 kHz), na pengine kwenye bendi ya mita 49 (5900 hadi 6200 kHz). Sikiliza kelele ilivyo, kisha mtu azime meni swichi ya nyumba.

Ikinyamaza, mkosaji unaishi naye. Washa breka moja moja, halafu kifaa kimoja kimoja, mpaka umpate. Washukiwa wa kawaida ni chaja za simu za bei ya chini, adapta ya king'amuzi, balbu za LED, kidhibiti chaji cha sola, inveta, na swichi ya kupunguza mwanga wa taa. Kelele isipopungua hata kidogo, inatoka nje: kwa jirani au kwenye nguzo. Ikipungua nusu, unazo zote mbili, na hali hii ndiyo tunayoiona kuwa ya kawaida zaidi mjini.

Kuna jaribio jingine la bure. Umeme ukikatika mtaa mzima, usikimbilie jenereta, kimbilia redio. Ukimya unaousikia dakika hizo ndio mwisho wa uwezo wa mahali ulipo. Zungusha bendi zote, andika stesheni zinazosikika, kwa sababu orodha hiyo ndiyo shabaha yako siku umeme ukirudi. Kama bado kuna mvumo wakati mtaa mzima uko gizani, tafuta sola na inveta za majirani.

Sikio lenyewe hutofautisha mengi. Cheche za nguzo hutoa mkwaruzo mzito usiobadilika unapozungusha kitafutio cha stesheni. Umeme wetu ni wa hezi 50, na cheche hutokea mawimbi yanapofika kileleni, juu na chini, hivyo mkwaruzo unapiga mara 100 kwa sekunde. Huwa mkali kwenye mita 49 na hupungua kadiri unavyopanda kwenda mita 19 na 16 (mita zikipungua, masafa yanapanda). Chaja na adapta zina tabia nyingine: kelele hupanda na kushuka kila baada ya makumi ya kHz, kama matuta barabarani, na matuta hayo wakati mwingine huhama taratibu yenyewe. Tik moja kila sekunde hivi ni uzio wa umeme wa mtu. Na milipuko isiyo na mpangilio jioni za masika ni radi; hiyo haina uhusiano na TANESCO, shirika la umeme, na hakuna choki inayoitibu.

Hali ya hewa nayo inasema. Mkwaruzo unaokua mwezi wa kwanza na wa pili, au kiangazi cha kuanzia mwezi wa sita, halafu ukafa mvua zinapoanza, karibu hakika ni chuma kilicholegea kwenye nguzo. Mbao ya nguzo hukauka na kusinyaa, nati hulegea, panabaki mwanya mdogo wa hewa kati ya vipande viwili vya chuma, na cheche zinaruka hapo. Maji yakiingia, mwanya unazibwa. Kelele inayofanya kinyume, yaani kuja na manyunyu na ukungu, inaelekeza kwenye vikombe (vile vya kushikilia nyaya juu ya nguzo) vichafu au vilivyopasuka: vumbi la kiangazi likilowana, umeme hutambaa juu ya uso wa kikombe.

Njia zenyewe kwa ufupi

| Njia | Kelele inayoiweza | Nafasi | Gharama | Kasoro kuu |
|---|---|---|---|---|
| Betri na usafi wa ndani | Chaja, balbu, adapta zako | Hakuna | Karibu bure | Haigusi kelele ya nje |
| Choki za feraiti | Kelele inayopanda kwa waya | Hakuna | Ndogo hadi ya kati | Mzunguko mmoja hausaidii |
| Kitanzi | Kelele ya karibu, hasa ya upande mmoja | Mita 1 | Ndogo ukijitengenezea | Kuzungusha kila mara |
| Dipoli mbali na nyumba | Ya ndani, na ya laini iliyo mbali | Mita 20 na zaidi | Ndogo, kazi nyingi | Inahitaji uwanja |
| Kifaa cha kufuta kelele | Chanzo kimoja kikali | Waya wa pili | Kubwa | Kurekebisha kila unapohama |
| Kutafuta nguzo | Cheche za laini | Miguu yako | Bure | Unategemea mwingine arekebishe |

Jedwali halisemi jambo moja muhimu: njia hizi hazishindani zote kwa zote. Kitanzi na dipoli vinashindana. Choki haishindani na kimojawapo. Inahitajika kwa vyote viwili. Kutafuta nguzo ndiyo njia pekee inayoondoa kelele ya nje yenyewe, zilizobaki zinaikwepa.

Betri dhidi ya vichujio vya soketi

Redio ndogo inayotumia betri nne, ikisimama dirishani mbali na soketi, mara nyingi huishinda redio kubwa iliyochomekwa ukutani. Waya wa umeme wa redio ni antena pia: unaleta kelele ya nyumba nzima hadi ndani ya redio. Kwa hiyo kabla ya kununua kichujio cha soketi, sikiliza kwanza kwa betri. Tofauti isiposikika, kichujio hakitakusaidia kitu.

Vichujio vilivyo ndani ya ekstensheni za kawaida vimetengenezwa kwa ajili ya mishtuko ya umeme, si kwa masafa mafupi. Kichujio halisi hutegemea kapasita zinazomwaga kelele kwenye waya wa ethi. Nyumba ambayo ethi yake ni fimbo fupi kwenye udongo mkavu wa kiangazi haina pa kuimwaga, na kelele inarudi kwa njia nyingine. Tungependelea choki: zungusha waya wa kifaa kinachopiga kelele, si wa redio peke yake, mara 8 hadi 10 kwenye duara la feraiti, karibu kabisa na kifaa hicho. Adapta ya king'amuzi ikiwa ndiyo mkosaji, kuna dawa rahisi zaidi: ichomoe unaposikiliza. Balbu za LED jaribu moja moja. Za kampuni moja zinaweza kutofautiana, kwa sababu watengenezaji wa bei ya chini huacha vipande vya kuchuja ili kupunguza gharama.

Nyumba nayo inachangia. Paa la bati na nondo za dirisha huzuia mawimbi ya nje, huku nyaya za ukutani zikibaki ndani pamoja nawe. Hata kuhamisha redio kutoka katikati ya sebule hadi barazani kunaweza kutosha kwa anayetaka tu taarifa ya habari.

Choki: mizunguko ndiyo inayofanya kazi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Vile vipande vya feraiti vya kubana kwenye waya, waya ukipita mara moja tu, hutoa ukinzani wa makumi ya ohm kwenye MHz 10. Kelele inaruka juu yake bila kujua kwamba kuna kitu. Ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko: mizunguko 3 ni mara tisa ya mmoja, mizunguko 10 inaelekea mara mia, hadi pale mizunguko inapokuwa mingi mno na kuanza kujiharibia yenyewe.

Aina ya feraiti inahesabika pia. Kwa masafa mafupi aina ya 31 ndiyo ya kwanza kuitafuta. Aina ya 43 inafaa zaidi kuanzia bendi za juu. Duara la FT240-31 lina kipenyo cha nje cha milimita 61 hivi, na linapokea mizunguko 10 hadi 12 ya kebo nyembamba ya RG-174 au RG-58 bila kubanana. Kebo ya dishi, RG-6, ni nzuri na ya bei nafuu kwa kusikilizia. Ohm zake 75 badala ya 50 hazina madhara yoyote kwa mpokeaji. Lakini ni ngumu. Ukiikunja kwenye duara dogo, waya wa katikati husogea na hatimaye kugusa ganda, yaani wavu wa chuma unaouzunguka. Tengeneza choki kwa kipande cha mita 1 cha RG-174, kisha ukiunge na RG-6 pande zote mbili.

Asiye na pa kununua duara anaweza kumwomba fundi wa TV feraiti za TV ya kichogo: kiini cha flaibaki au pete ya yoki. Ubora wake haujulikani, nyingi zimeundwa kwa masafa ya chini, lakini kwa mita 49 na 41 zinaweza kufanya kazi ya kuonekana. Jaribu mizunguko 8, sikiliza, ongeza. Pete ya yoki huwa imekatwa vipande viwili. Ibane kwa waya wa plastiki mpaka mwanya uishe, la sivyo nguvu yake inapotea.

Choki ya kebo ya antena iwekwe sehemu mbili: moja pale antena inapoungana na kebo, nyingine kebo inapokaribia redio. Sababu ni kwamba ganda la nje la kebo lenyewe ni waya mrefu unaotoka kwenye nyumba yenye kelele. Bila choki, kelele inatembea juu ya ganda hadi kwenye antena, inaingia ndani na kurudi kwenye redio kama stesheni. Watu wengi wameihukumu dipoli kuwa mbovu kwa kosa la kebo.

Kitanzi au dipoli

Hili ndilo swali kubwa, na jibu liko kwenye kiwanja.

Chukua kwanza kitanzi. Karibu na chanzo, kelele nyingi za nyaya hushika zaidi upande wa umeme wa wimbi kuliko upande wa sumaku, na kitanzi kidogo husikiliza upande wa sumaku. Faida ya pili ni shimo. Kitanzi kilichosimama wima husikia vizuri kuelekea kule ukingo wake unakoelekea, na hakisikii karibu chochote kule uso wake unakotazama. Geuza uso ulitazame chanzo cha kelele, kelele inazama. Stesheni za mbali hushuka kutoka angani kwa pembe, hivyo shimo hilo haliziui kama linavyoiua kelele inayokuja usawa wa ardhi. Shimo ni jembamba. Nyuzi 5 kando, kelele inarudi. Zungusha polepole.

Kukitengeneza si kazi ngumu. Bomba la shaba la milimita 10, lile la mafundi friji, urefu wa mita 3.14, hutoa duara la kipenyo cha mita 1. Ncha mbili usiziunganishe. Ziunge kwenye kapasita ya kutafutia stesheni iliyotolewa kwenye redio mbovu ya zamani. Kitanzi hicho kina mikrohenri 2.9 hivi. Kapasita ya pikofaradi 365 iliyofungwa kabisa inakipeleka karibu MHz 4.9, na iliyofunguliwa kabisa inakipandisha hadi MHz 18 hivi, yaani kutoka mita 49 hadi mita 16 bila kubadilisha kitu. Kapasita ndogo za plastiki zenye pikofaradi 270 huanzia MHz 5.7, ambazo bado zinatosha mita 49. Kebo ya kwenda kwenye redio haiunganiki na bomba. Inaunganishwa na kitanzi kidogo cha waya chenye kipenyo cha sentimita 20, kinachofungwa chini ya kitanzi kikubwa, upande wa pili wa kapasita.

Mambo matatu huharibika. Kwanza, viungo vya kapasita visipolehemiwa vizuri, kitanzi kinakuwa kiziwi. Shaba nene hunyonya moto, hivyo tumia moto wa gesi wa fundi friji badala ya chuma kidogo cha kulehemia redio. Pili, mkono ukikaribia kapasita, stesheni inakimbia: funga kijiti cha plastiki cha sentimita 15, hata ganda la kalamu, ndicho ukizungushe. Tatu, watu husahau kwamba kitanzi cha aina hii husikia kipande chembamba tu. Ukihama kHz 50, zungusha kapasita tena mpaka kelele zote zivimbe, ndipo umekifikisha. Ukichoka na hilo, vipo vitanzi vyenye kikuza mawimbi ndani, kama MLA-30, visivyohitaji kuzungushwa. Hivyo vinakula volti 5, na kuvilisha kwa chaja ya simu ni sawa na kumwalika mwizi alinde nyumba. Pawabanki nyingi nazo zina mashine ndogo ya kupandisha volti inayopiga kelele. Betri nne za kuchaji, jumla volti 4.8, ni kimya. Tahadhari nyingine: karibu na minara ya FM vikuza hivyo huweza kulemewa na kuzaa stesheni za uongo kwenye bendi zisizokuwa nazo.

Kitanzi hakihitaji kuwa juu. Mita 1.5 kutoka ardhini inatosha, ilimradi kiwe mita 5 au zaidi kutoka ukuta wenye nyaya na mbali na nondo za dirisha.

Dipoli nayo inashinda kwa umbali. Kelele ya nyumba hufifia haraka ukisogea: mita 20 za kebo kuingia shambani mara nyingi huleta nafuu kuliko kifaa chochote cha kununua. Kwa wenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kibosho, Marangu au Old Moshi hakuna mjadala, nafasi ipo na miti ya kufungia ipo. Urefu wa jumla kwa mita unapatikana kwa kugawanya 143 kwa MHz. Kwa 9.6 MHz ni mita 14.9. Kwa kuwa stesheni nyingi utakazozitaka ziko kati ya mita 31 na mita 25, mita 14, saba kila upande, ni mapatano mazuri. Kwa kusikiliza tu, kosa la nusu mita halina maana.

Waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 unafaa. Katikati weka kipande cha plastiki ngumu, ncha funga kwa kamba ya nailoni, si waya, na uache kamba ilegee kidogo kwani miti inayumba. Urefu wa mita 5 hadi 8 kutoka ardhini unatosha. Ielekeze dipoli ikate laini ya umeme kama msalaba, ncha moja ikiitazama laini. Ikilala sambamba nayo, utaisikia laini kwanza. Mwelekeo wa stesheni usikusumbue: mitambo inayotupelekea matangazo imetawanyika, kuna Issoudun ya Ufaransa, kuna Madagaska, kuna kisiwa cha Ascension, na dipoli iliyo chini hivyo husikia pande zote karibu sawa.

Usalama haujadiliwi. Usirushe waya juu ya nyaya za umeme, hata zile za kuingilia nyumbani. Umbali kutoka laini uwe mkubwa kuliko urefu wa waya pamoja na kimo cha mti, ili ukikatika au mti ukianguka visifikiane. Kwenye kilovoti 11 na 33 waya si lazima ugusane na laini ndipo uue; kukaribia tu kunatosha.

Mwenye uwanja ila hana miti, au asiyetaka antena ionekane, anaweza kulaza kitanzi cha waya chini kabisa: mraba wa mita 4.6 kila upande, juu ya majani. Kwenye kona moja weka transfoma ndogo ya feraiti yenye nyaya mbili zisizogusana, mizunguko 6 upande wa kitanzi na 2 upande wa kebo. Sauti ya stesheni itashuka sana, na redio isiyo na usikivu mzuri itaonekana kama imezimwa, lakini kelele hushuka zaidi. Kwa mita 49 na 41 usiku ni antena ya kushangaza. Kuanzia mita 19 kwenda juu haifai. Mbuzi na panya buku huitafuna.

Kwa hiyo: kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye laini upande mmoja, chagua kitanzi. Eneo linaloruhusu antena kukaa mita 20 kutoka nyumba na 40 kutoka laini, chagua dipoli. Ukiwa katikati ya nyaya pande tatu, kama vichochoro vya Ngarenaro, kitanzi bado ni bora, ila usitegemee miujiza: shimo ni moja na vyanzo ni vitatu.

Kifaa cha kufuta kelele dhidi ya vitufe vya redio

Vifaa vya kufuta kelele hupokea antena mbili: ile ya kawaida, na ya pili iliyowekwa makusudi karibu na kelele. Waya wa mita 2 au 3 kando ya ukuta wa nyaya unatosha. Kifaa hugeuza kelele ya antena ya pili na kuitoa kwenye ya kwanza. Utaratibu: fungua antena kuu, pandisha ya kelele mpaka zilingane kwa ukali, kisha zungusha kitufe cha mgeuko hadi kelele izame, rudi kwenye ukali, rudi kwenye mgeuko. Ikikaa sawa, kelele inazama kabisa na stesheni inatokeza kama imewashiwa taa.

Ni ya ajabu, na ndiyo tunayoishauri mwisho. Inafuta chanzo kimoja kwa wakati. Ukihama bendi unaanza upya. Antena ya kelele isiposikia kelele kwa nguvu kama antena kuu, hakuna cha kufuta. Na kinahitaji volti 12 safi, yaani betri ya pikipiki, si adapta. Mwenye nguzo moja mbovu anayoijua na redio yenye tundu la antena ya nje atafaidika. Mwingine atakuwa amenunua vitufe.

Vitufe vya redio yenyewe havigharimu. Punguza upana wa kusikia kutoka 6 kHz hadi 3 kHz: kelele inapungua karibu nusu na sauti ya mtangazaji inakuwa nzito kidogo. Redio zenye kitufe cha SYNC, kama Tecsun PL-660, hukuruhusu kusikiliza upande mmoja wa stesheni, na tuta la chaja linapokaa upande wa pili, linapotea. Kitufe cha kuzuia mishindo, kwenye redio zenye nacho, husaidia kwa tik ya uzio kuliko kwa mkwaruzo wa nguzo. Na kuna ujanja wa bure: matangazo yaleyale mara nyingi hutoka kwa masafa zaidi ya moja. Cheche za laini hupungua kadiri unavyopanda, hivyo mchana tafuta nakala ya mita 19 au 16 kabla ya kuvumilia ile ya mita 31.

Kutafuta nguzo

Cheche za nguzo husafiri kwenye nyaya mamia ya mita, ndiyo maana nguzo iliyo mbele ya nyumba mara nyingi haina kosa. Anza jioni ya kiangazi na redio ndogo. Sikiliza masafa ya kati, tembea kuelekea kelele inakokua. Ikiwa kali kila mahali, panda: mita 25, halafu mita 13. Masafa ya juu hayasafiri mbali kwenye waya, hivyo eneo linazidi kubana. Mwisho tumia bendi ya ndege, MHz 118 hadi 137, ambayo redio kama XHDATA D-808 inayo. Ukiwasikia marubani wanaoongea na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uko kwenye bendi sahihi. Nguzo ambayo chini yake mkwaruzo bado unasikika kwenye bendi hiyo ndiyo yenyewe, au jirani yake. Fupisha antena ya redio kadiri kelele inavyokuwa kali, usije ukadanganywa.

Usiigonge nguzo. Usitikise waya wa stei. Ni kweli kutikisa hubadilisha kelele na kuthibitisha kosa, na ni kweli pia kwamba kikombe kilichopasuka kinaweza kuanguka na waya wake.

Tazama kwa mbali, usiku, kwa darubini ukiwa nayo: cheche kwenye kikombe, jampa (waya mfupi wa kuunganisha) iliyolegea, kichwa cha transfoma, tawi la grevilea au jani la mgomba linalogusa laini ndogo. Andika namba ya nguzo ikiwepo, namba ya mita ya LUKU ya nyumba iliyo karibu, saa, na hali ya hewa. Ukipiga simu TANESCO, usianze na redio. Sema nguzo inatoa cheche. Ndiyo lugha ya fundi wa zamu, na ni ukweli: cheche inayopiga kelele leo ndiyo inayounguza kichwa cha nguzo au kukata umeme wa mtaa kesho. Chanzo kikiwa kifaa cha mtu binafsi asiyetaka kukizima, msimamizi wa masafa nchini ni TCRA. Ila kabla ya hapo, kumpelekea jirani chaja nzuri badala ya ile mbovu ni haraka zaidi.

Uanze na kipi

Mpangaji wa chumba kimoja: betri, dirisha, chomoa adapta, kisha kitanzi cha kusimama juu ya stuli. Usinunue choki mpaka uwe na kebo.

Mwenye nyumba Njiro, Moshono au Shanty Town, ua wa kiasi: kitanzi kwenye kona ya ua iliyo mbali na mita ya LUKU, choki mbili kwenye kebo, na viatu vya kiangazi vya kutafuta nguzo, kwa sababu hakuna antena ya uani itakayoishinda cheche iliyo mita 30.

Mwenye kihamba: dipoli ya mita 14, kebo ya dishi mita 25 hadi 40, choki pande zote, na fimbo ya ethi ya mita 1.5 kwenye ganda la kebo kabla haijaingia ndani, tofauti na ethi ya soketi ambayo imejaa kelele ya nyumba. Kiangazi mwagia fimbo ndoo ya maji kila wiki. Udongo mkavu hauipi chochote cha kushika. Masika ikianza, chomoa kebo kila unapomaliza kusikiliza na uiache nje ya dirisha, ncha yake ndani ya chupa ya plastiki kavu.